Nyayo za Mwenyekiti

Kila Alhamisi Kuu, saa nane mchana, Mama Sabuni alipanga viti kumi na viwili katika chumba cha kufulia cha shule, akajaza maji ya uvuguvugu kwenye mabeseni matatu, akaweka karibu yake jiwe la kusugulia, kikata kucha, mche mzima wa sabuni na taulo zilizopigwa pasi. Kisha akavuta kigoda, akakaa kuwangoja mitume.

Padri aliwaosha miguu saa kumi na moja jioni, kanisani, mbele ya macho ya watu wote. Mama Sabuni aliwaosha saa nane. Utaratibu huo ulikuwa na umri wa miaka kumi na tisa. Ulianza mwaka ule padri wa zamani alipopiga magoti mbele ya mjumbe wa bodi aliyetoka moja kwa moja kukagua mabanda ya nguruwe, akashindwa kumaliza sala. Sista Mkuu akasema unyenyekevu ni jambo jema, lakini lazima uandaliwe. Tangu siku hiyo, kila mguu uliofika altareni ulikuwa umekwisha kuoshwa, kusuguliwa, kukatwa kucha na kupakwa mafuta. Padri alibaki na kazi ya kuumwagia maji kidogo, kuufuta na kuubusu. Maji yaliyobaki katika beseni la kanisani yalikuwa safi hivi kwamba msakristia, mtunza kanisa, aliyatia kwenye vyombo vya maua.

Mitume walichaguliwa na bodi ya shule. Padri alikwisha kuhubiri mara nyingi kwamba Bwana aliwaosha miguu wavuvi, na bodi ilikubaliana naye kabisa, kisha ikamchagua mkandarasi aliyejenga bweni jipya, daktari, meneja wa benki na wengine wa hesabu hiyo hiyo. Kiti cha Petro kilikuwa cha Mwenyekiti wa bodi. Kiti cha Yuda hakuna aliyekitaka, kwa hiyo kila mwaka alikalishwa dereva wa shule, ambaye alikwisha kukizoea na kusema kina mgongo mzuri kuliko vyote.

Mama Sabuni aliwaosha wote bila kuchagua. Alikuwa na miaka thelathini na mmoja katika chumba kile, akifua shuka za mabweni, kasula anazovaa Padri misani na shela za masista, na hakuna uchafu wa mtu uliokuwa mgeni kwake. Kikulacho ki nguoni mwako, husema watu. Yeye nguo zote zilipita mikononi mwake, akajua nani analala na viatu na nani analia usiku. Aliyajua na kuyanyamazia, maana dobi mwenye mdomo hadumu.

Lakini mwaka huu mikono yake ilikuwa mizito. Kwenye ukuta wa nyuma yake, mvuke wa maji ya moto ulipopanda, zilionekana hesabu. Aliziandika mjukuu wake kwa vipande vya sabuni tangu akiwa mtoto wa darasa la pili, moja juu ya nyingine, mpaka ukuta mzima ukajaa. Shule nzima ilimwita Kalamu. Bibi yake alimlea tangu akiwa na miezi minne, akamwombea nafasi shuleni hapo, na sasa alikuwa kidato cha mwisho. Lakini kwa siku saba zilizopita alikuwa nyumbani.

Mambo yalikuwa hivi. Jumatatu ya wiki ya tano ya Kwaresima, siku moja baada ya sanamu zote kufunikwa vitambaa vya zambarau, Kalamu alipeleka mapazia safi katika ofisi ya mitihani, akayatundika na kurudi darasani. Ilikuwa saa tatu asubuhi. Saa sita wafagizi waliipaka sakafu ya ukumbi mzima wa ofisi nta nyekundu, wakafunga mlango kwa kamba ili ikauke mpaka kesho. Kesho yake ulifanyika mtihani wa majaribio wa hisabati, na baada ya mtihani mwalimu akagundua kwamba bahasha ya maswali ilikwisha kufunguliwa na kugandishwa upya kwa gundi. Matokeo yalipotoka, Kalamu alipata tisini na nne. Binti wa Mwenyekiti, ambaye yeye na hesabu walikuwa paka na panya, alipata tisini na nane. Tisini na nne ya Kalamu ikachukuliwa kuwa ushahidi. Tisini na nane ya binti wa Mwenyekiti ikatangazwa mstarini, na wanafunzi wakapiga makofi.

Barua ya kumrudisha Kalamu nyumbani ilisema kamati ya nidhamu itakaa Jumatano baada ya Pasaka. Akipatikana na hatia, jina lake litaondolewa katika orodha ya watahiniwa wa mtihani wa taifa, na orodha hiyo itapelekwa Ijumaa ya wiki hiyo hiyo. Chini kabisa palikuwa na sahihi ya Mwenyekiti, ndefu, yenye mkia.

Kufikia saa kumi na robo Mama Sabuni alikwisha kuosha mitume kumi na mmoja. Mwenyekiti alifika saa kumi na nusu. Alisikika kabla hajaonekana, kwa sababu viatu vyake vililia: kwii, kwii, kwii. Shule nzima iliujua mlio ule. Wanafunzi walikuwa wakiusikia wanaamka kwenye madawati, na wapishi wakiusikia wanafunika masufuria.

"Mama Sabuni, mimi niache tu," alisema akiwa amesimama mlangoni. "Nimeoga asubuhi."

"Wote wanaoshwa, Mwenyekiti."

"Miguu yangu haikanyagi matope, mama. Gari mpaka kapeti, kapeti mpaka gari." Akaangalia saa. "Na muda umekwisha."

Mwaka mwingine angeng'ang'ania. Aliwahi kumvuta daktari kwa mguu wa suruali. Lakini alimtazama mtu yule, akaikumbuka sahihi yenye mkia, na moyo ukakataa. Hakutaka kumshika. Hilo lilikuwa kweli tupu, na hata baadaye hakulificha.

"Haya," alisema. "Nenda ukakae."

Kanisani kwaya ilianza wimbo, na Padri akavua kasula, akajifunga taulo kiunoni, akapiga magoti mbele ya kiti cha Petro. Alimwaga maji juu ya mguu wa kulia. Maji yakaanguka kwenye beseni yakiwa mekundu.

Padri aliangalia unyayo. Ulikuwa mwekundu kuanzia kisigino mpaka vidoleni, wekundu wa tofali. Mama Sabuni, aliyekuwa amekaa kiti cha nyuma pamoja na wapishi, aliitambua nta ile papo hapo. Nta ya sakafu ikishaingia kwenye ngozi haitoki kwa kuoga asubuhi. Hutoka kwa mafuta ya taa na jiwe, na uvumilivu. Padri hakuwa na mafuta ya taa. Alikuwa na kidole gumba, akaanza kusugua. Hakuwa amewahi kuosha mguu wa mtu, ingawa kila mwaka alionekana akiosha, na alisugua kwa bidii ya mgeni. Wimbo uliisha. Kwaya ikarudi ubeti wa kwanza. Nta ilipotoka, Padri aliusugua na wa kushoto, akaibusu yote miwili bila kuifuta, akaenda kwa mtume Andrea akiwa anatokwa jasho.

Mwenyekiti alirudi kwenye benchi lake peku, viatu mkononi. Alipiga hatua nane. Nyayo nane zikabaki sakafuni, zenye maji, zimechorwa vizuri, na zile za kushoto zilionyesha kidole kidogo kilichopanda juu ya mwenzake.

Baada ya misa msakristia alipiga deki kanisa lote. Sakafu ikakauka, nyayo hazikukauka.

Ijumaa Kuu asubuhi, Mama Sabuni alipoleta vitambaa vya altare, nyayo zilikuwa ishirini na tatu. Zilitoka kwenye benchi la mbele, zikapita katikati, zikafika mlangoni. Msakristia alikuwa amesimama karibu nazo na fagio.

"Jana zilikuwa nane," alisema.

"Naona."

"Ukizitazama hazitembei. Nimegeuka kuchukua ndoo, nimerudi, kuna mmoja zaidi." Alikuwa mzee mtaratibu, na alilisema hilo kwa sauti ile ile aliyotumia kusema mishumaa imepungua. "Hebu jaribu wewe. Wewe ndiye mtu wa maji."

Mama Sabuni alijaribu. Alizipangusa kwa tambara, tambara likalowa na unyayo ukabaki. Alizinyunyizia unga wa mbao, unga ukaelea. Mwishowe alileta pasi ya mkaa, akaikandamiza juu ya unyayo wa tisa mpaka mvuke ukapanda na kujaa kanisani. Alipoinua pasi, unyayo ulikuwa mahali pake, wenye maji, na sasa wa moto. Alijua kazi yake. Nguo ikikataa kutoa doa mara tatu, unaikunja na kumrudishia mwenyewe.

Saa tisa watu walikuja kuubusu msalaba. Ilibidi wazivuke nyayo, na kwa kuwa hakuna aliyetaka kulowesha soksi, wote walipita pembeni, foleni ikawa ya kupinda. Jioni nyayo zilikwisha kushuka ngazi za kanisa na kukata uwanja wa mpira. Jumamosi mchana zilikuwa kwenye kona ya jengo la ofisi, mahali wageni wanapoegesha magari. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Hii ilikuwa na hatua mia moja na arobaini, na bado ilikuwa ikiendelea.

Sista Mkuu alimwita Mama Sabuni ofisini Jumamosi hiyo hiyo. Alikuwa mwanamke mnyofu wa mgongo, mwenye meza isiyo na karatasi hata moja, na mbele ya dirisha lake nyayo nne zilionekana waziwazi.

"Mama Sabuni, kwa nini hukumwosha Mwenyekiti?"

"Alichelewa, Sista."

"Mtu akichelewa anaoshwa haraka. Haachwi."

"Alikataa pia."

"Na Petro alikataa. Bwana alimwacha?"

Mama Sabuni alielekeza kidole dirishani. Alisema, "Sista, zile nyayo zinaelekea ofisi ya mitihani."

"Zinaelekea zinakoelekea," alisema Sista Mkuu. "Mimi ninachojua ni kwamba kwa miaka kumi na tisa hatukuwa na nyayo. Mwaka huu hukuosha, tuna nyayo. Kosa ni la nani?"

Aliandikiwa barua ya onyo siku hiyo, akaisaini, akarudi kuanika nguo nyeupe za Mkesha wa Pasaka. Nyumbani alimkuta Kalamu amekaa chini na daftari, akifanya mitihani ya miaka ya nyuma.

"Bibi, ni kweli wanavyosema?"

"Wanasemaje?"

"Kwamba miguu ya Mwenyekiti inakwenda kumtafuta mwizi."

"Inakwenda yenyewe, mama," alisema bibi. "Haitafuti mtu. Inarudi ilikopita." Na kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi alicheka, akapika, akala chakula chote kilichokuwa sahanini. Alikuwa na hakika. Alilala akijua Jumatano mjukuu wake angevaa tena sare, kwa hiyo aliitoa sare ile kabatini, akaipiga pasi na kuitundika msumarini.

Jumapili ya Pasaka nyayo zilifika. Zilipita dirisha la nyuma ambalo kitasa chake hakikufunga vizuri, zikaingia ukumbini na kuvuka ile sakafu ya nta nyekundu. Hapo, na hapo tu, hazikuwa za maji. Zilikuwa tupu, nta imebanduka, simenti inaonekana. Zikaenda mpaka ofisi ya mitihani. Mbele ya kabati la mitihani zilisimama mbili, bega kwa bega, vidole vikielekea mlango wa kabati. Kisha ziligeuka, zikarudi zilikotoka. Zilikuwa za mtu asiye na viatu, na hakuna aliyehitaji kuuliza kwa nini mwenye viatu vya kwii kwii angetembea peku.

Katika mahubiri Padri alisimulia jinsi wanafunzi wawili wa Bwana walivyokimbia asubuhi kwenda kuona kaburi tupu. Wasichana mia nne walisikiliza kwa makini kuliko mwaka wowote. Misa ilipokwisha walitoka mbio kwenda kuona kabati.

Walizisoma nyayo kama wanavyosoma ubao, kutoka kushoto kwenda kulia, midomo ikicheza. Walipofika kabatini walimtazama binti wa Mwenyekiti, naye akatazama dari. Walimu walikuja. Wazazi waliokuja misa walikuja. Mwisho alikuja Mwenyekiti, kwii, kwii, kwii, akasimama katikati ya umati, akaziangalia nyayo mbele ya kabati kwa muda mrefu. Kila mtu aliangalia viatu vyake.

"Neema haichagui mtu," alisema Mwenyekiti, akavua kofia.

Mwalimu mmoja mzee wa dini akafanya ishara ya msalaba. Mama mmoja mgeni, aliyekuwa na mtoto mgonjwa mgongoni, akainama, akachovya kidole kwenye unyayo uliokuwa nje ya dirisha, akampaka mtoto kwenye paji la uso. Mtoto akapiga chafya. Watu wakasema, "Amina." Na Mama Sabuni, aliyekuwa mlangoni na kapu la nguo, akaelewa mambo yanaelekea wapi.

Jumatano kamati ya nidhamu ilikaa. Mwenyekiti aliketi kwenye kiti chake, Padri kulia, Sista Mkuu kushoto, na mwisho wa meza aliketi Mwalimu wa Hisabati, kijana mwembamba aliyeshika kalamu mbili. Kalamu alisimama mbele yao akiwa amevaa sare iliyopigwa pasi tangu Jumamosi. Bibi yake aliruhusiwa kukaa karibu na mlango, kwa kuwa ndiye mlezi.

"Tuanze na sala," alisema Mwenyekiti, na akasali yeye mwenyewe, vizuri, akimwombea binti huyu moyo wa ukweli.

Mwalimu wa Hisabati alinyoosha mkono. "Kabla ya yote, kuna suala la nyayo. Zinatoka kwenye kiti cha Petro mpaka kabatini, na kurudi. Na nta ilipakwa saa sita, wakati Kalamu alitundika mapazia saa tatu. Kwa hiyo aliyepita juu ya nta mbichi..."

"Mwalimu," alisema Sista Mkuu. "Tuko katika Oktava ya Pasaka, siku nane takatifu."

"Najua, Sista. Nasema tu kwamba..."

"Padri atueleze."

Padri alikohoa. Alikuwa na kidole gumba chenye wekundu kidogo kwenye ukucha, uliokataa kutoka. "Nimewasiliana na wakubwa," alisema. "Wanasema tuwe na subira. Nyayo hazikauki. Jambo ambalo halikauki si la kawaida. Jambo lisilo la kawaida linaitwa muujiza mpaka Kanisa liseme vinginevyo. Sasa, muujiza ni wa imani. Ushahidi ni wa kamati. Huwezi kuuita muujiza uje kutoa ushahidi, kama vile huwezi kumwapisha malaika."

"Lakini nta si muujiza, Padri. Nta ni nta. Ulimsugua mwenyewe."

Padri akaificha mikono chini ya meza. "Nilichosugua kilikuwa katika liturujia," alisema taratibu.

Mwalimu wa Hisabati aliangalia kalamu zake mbili. Alikuwa bado hajathibitishwa kazini. Aliziweka zote mfukoni.

Mwenyekiti alimgeukia Kalamu kwa upole wa baba. "Binti, una la kusema?"

"Sikufungua bahasha," alisema Kalamu. "Na swali la saba nilikosa. Ningekuwa nimeiona karatasi, nisingekosa swali la saba."

Walimsikiliza. Hata Mwenyekiti alitikisa kichwa kuonyesha kwamba amesikia. Kisha Sista Mkuu akasoma uamuzi, ambao ulikuwa umechapwa tayari. Kwa kuwa hapakuwa na ushahidi mpya, uamuzi wa awali ulibaki. Kwa moyo wa Pasaka, shule isingelifikisha jambo hili polisi. Nyayo zilindwe, ziwekewe kamba, na mtu yeyote asizikanyage kwa viatu. Mama Sabuni, ambaye uzembe wake Mungu aliugeuza kuwa baraka, angepewa kazi ya kuzipangusa kandokando kila asubuhi. Na binti asitengwe na jumuiya: aliruhusiwa kuja kuzitembelea nyayo siku za hija, kama watu wengine wote.

"Mshukuru Mwenyekiti," alisema Sista Mkuu.

Kalamu hakushukuru. Bibi yake alimshika mkono, wakatoka, na nje bibi, kwa hasira, alifunga kifungo cha koti lake kwenye tundu lisilo lake. Msakristia aliwakuta hapo.

"Mama, mimi na wewe tunajua," alinong'ona.

"Kila mtu anajua," alisema Mama Sabuni. "Ingekuwa hawajui, ningewaambia."

Ijumaa orodha ya watahiniwa ilipelekwa.

Wiki zilizofuata mambo yalitengemaa, na hija ikapata ratiba. Nyayo ziliwekewa kamba za mapazia na vibao vidogo vyenye namba. Mitihani ilihamishiwa sanduku la chuma chumbani kwa Sista Mkuu, na ndani ya kabati tupu ukawekwa mshumaa. Mahujaji walivua viatu, wakafuata njia yote, na walipofika mbele ya kabati kila mmoja aliweka mguu wake ndani ya unyayo wa kulia, akasali kimya, akasogea. Waliokuwa na watoto dhaifu wa masomo walisimama zaidi. Ilisemekana unyayo ule unasaidia sana mitihani, na kwa hilo hakuna aliyeweza kubisha.

Mwenyekiti alikuwapo kila Jumapili ya hija, ameketi pembeni kwenye kiti cha Petro kilicholetwa kutoka kanisani. Watu walimpa mkono. "Si mimi," alijibu kila mara. "Mimi nilikuwa chombo tu." Bodi ilimwongezea kipindi kingine cha miaka mitatu, kwa kuwa ilionekana si vizuri kumbadilisha mtu ambaye nyayo zake bado ni mbichi.

Mama Sabuni alipiga magoti kila alfajiri na tambara, akapangusa vumbi kandokando ya nyayo mia tatu na kumi na mbili. Kidole kile kilichopanda juu ya mwenzake alikijua sasa kuliko vidole vyake. Wakati mwingine alisema nacho. Maneno aliyokiambia hayakuwa ya Pasaka.

Jumapili kabla ya Pentekoste ilikuwa siku ya wazazi, na kesho yake ndiyo mtihani wa taifa ulikuwa unaanza. Foleni ilitoka kabatini, ikapita dirishani, ikafika uwanja wa mpira. Mama Sabuni alisimama karibu na kabati akigawa taulo. Aliinua macho, akamwona Kalamu kwenye foleni, na viatu vyake mkononi. Hakuwa amemwambia bibi kwamba anakuja. Mbele yake alikuwa meneja wa benki, na nyuma yake mama mwenye watoto watatu.

Meneja wa benki akasali, akapangusa mguu, akasogea. Kalamu akavuka kamba. Aliweka mguu wake wa kulia ndani ya unyayo, kisigino juu ya kisigino, kwa uangalifu, kama mtu anayepima kiatu dukani. Vidole vyake viliishia katikati ya unyayo. Mbele ya vidole palibaki nafasi ya kutosha kuweka mkono mzima, na pembeni maji yalionekana kila upande.

Hakusogea. Alisimama hapo.

Padri aliona. Sista Mkuu, aliyekuwa akiongoza foleni, aliona. Mwalimu wa Hisabati aliona, akaanza kufuta miwani yake. Binti wa Mwenyekiti, aliyevaa sare mpya kwa ajili ya kesho, aliona, macho yakamjaa machozi, akaangalia dari. Mwenyekiti aliuangalia mguu ule mdogo ndani ya mguu wake mkubwa, na viatu vyake, ingawa alikuwa amekaa, vikalia mara moja: kwii.

Ukumbi ulikuwa kimya. Mama Sabuni aliushika ukimya ule kwa mikono miwili, akangoja mtu mmoja tu aseme. Asiseme mengi. Aseme tu, "Hautoshi."

"Umepokea neema, binti," alisema Sista Mkuu, na akamgusa bega. "Usikae sana, wenzako wanangoja. Haya, anayefuata."

Mama mwenye watoto watatu akavuka kamba.

Kalamu alitoa mguu. Bibi yake alimnyooshea taulo, lakini yeye alitikisa kichwa, akaenda hivyo hivyo na unyayo umelowa, akapita katikati ya ukumbi kuelekea mlango mkubwa. Alama za mguu wake zilimfuata sakafuni, ndogo, moja moja, za mguu wa kulia tu. Watu walizitazama. Ya kwanza ilikauka kabla hajapiga hatua ya pili, ya pili kabla ya ya tatu, na alipofika mlangoni nyuma yake hapakuwa na kitu, kama inavyokuwa kwa mtu ambaye hakuwahi kupita pale.

"Mama Sabuni," alisema Sista Mkuu kwa sauti ya chini, akionyesha sakafu kavu. "Pangusa hapo."

Mama Sabuni akapiga magoti, akapangusa.